Bledi ya nyuma ya trekta dogo inaacha mawimbi kwenye changarawe. Tunakosea wapi?

Mnanasi_Kiwangwa

Wakuu, habari za jioni.

Naomba msaada wa wanaojua kazi ya bledi. Trekta ni dogo, hospawa 25, linavuta magurudumu yote manne. Bledi (chuma kipana cha kukwangua na kusawazisha njia) ni ya futi 5, inafungwa nyuma kwenye mikono mitatu. Njia inatoka barabara kubwa hadi banda la kupakilia mananasi hapa Kiwangwa: urefu mita 180, upana mita 3. Chini ni kichanga, isipokuwa mita kama 40 za bondeni ambazo ni mfinyanzi mweusi. Juu kuna moramu (udongo wa barabara wenye mawe) ya zamani iliyochanganyika na kokoto.

Matatizo ni matatu. Kwanza, kila tukipitisha bledi inaacha mawimbi kama bati. Pili, mashimo tukiyafukia yanarudi palepale ndani ya wiki mbili. Tatu, changarawe yote imehamia pembeni ikafanya tuta, na katikati kumebaki bakuli linaloshika maji.

Masika yakianza Machi, Fuso za mzigo zitakwama. Nianzie wapi, na niagize changarawe kiasi gani?

---

FundiGreda_Msata

Mkuu, kabla ya kulaumu bledi, chukua futi ya kupimia uende ukapime umbali kutoka kilele cha wimbi hadi kilele kinachofuata. Ukikuta ni chini ya mita moja, hayo ni ya magari: yanapita kwa kasi juu ya changarawe kavu isiyoshikana. Ukikuta mita moja na nusu au zaidi, yametengenezwa na trekta lenu wenyewe.

Liangalie trekta kwa ubavuni. Tuseme ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana mita 1.5, na bledi iko mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tairi za mbele zikipanda kinundu cha sentimita 6, bledi inasukumwa chini sentimita 4, inachimba. Tairi za nyuma zikifika kwenye kinundu hichohicho, bledi inapanda sentimita 10, inaachia lundo. Kwa hiyo kinundu kimoja cha sentimita 6 kimezaa shimo na lundo kubwa kuliko chenyewe. Mkirudia mpito kwa mwendo uleule mnazidi kuyakuza.

Dawa ni kupata kwanza urefu mmoja wa trekta ulio sawa kabisa. Anzia mwanzo wa njia, sawazisha mita 4 au 5 hata kwa koleo na mbao, upande na trekta juu yake, ndipo ushushe bledi. Kutoka hapo tairi zote zinatembea juu ya sehemu iliyonyooka, na bledi inaiendeleza. Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu siku nzima wanahangaika na leva ya haidroliki, panda shusha, panda shusha, na kila wakigusa leva wanaongeza wimbi jipya.

Sasa marekebisho ya bledi yenyewe, na mpangilio una maana yake.

Pembe ndiyo ya kwanza. Toa pini ya kati, zungusha bledi hadi nyuzi kama 30. Ikikaa mshazari, changarawe inaviringika kuelekea ncha ya nyuma badala ya kurundikana mbele, na makali yake hayakutani na wimbi lote kwa mara moja, yanalikata kidogo kidogo. Lakini angalia upana unaobaki. Bledi ya mita 1.5 kwa nyuzi 30 inafagia mita 1.3 tu. Kwa nyuzi 45 inafagia mita 1.06. Pima kutoka ukingo wa nje wa tairi moja ya nyuma hadi wa nyingine. Kama trekta lako lina mita 1.25, nyuzi 30 zinafuta alama za tairi kwa shida, na nyuzi 45 zitaacha alama kila upande.

Baada ya pembe, mwinamo wa upande. Unarekebisha kwa skrubu ya mkono wa chini wa kulia. Kwa mgongo wa barabara ya changarawe (katikati kuwa juu kuliko kingo ili maji yashuke) lenga asilimia 4 hadi 5, yaani ncha moja ya bledi yako iwe chini kuliko nyingine kwa sentimita 6 hadi 7.5.

Mwisho mkono wa juu, toplinki. Ukiurefusha, makali yanatangulia mbele na kichwa cha bledi kinalala nyuma: inachimba. Ukiufupisha, kichwa kinainamia trekta na makali yanarudi nyuma: inapapasa na kulainisha. Kwa kumalizia unataka fupi. Na ujue kwamba bledi ikishakuwa mshazari, ukigusa toplinki unabadilisha na mwinamo, kwa sababu ncha ya nyuma iko mbali zaidi na trekta na inapanda au kushuka zaidi kuliko ya mbele. Ndiyo maana baada ya kugusa toplinki lazima ushuke upime tena ncha zote mbili.

Kama trekta lina leva mbili za haidroliki, tumia ile ya kushikilia kimo. Ile ya kulimia, inayosikiliza mzigo, itainua bledi yenyewe kila inapokutana na ugumu, na hayo ni mawimbi mengine. Kaza cheni za pembeni bledi isiyumbe. Gea ya chini, mwendo wa mtu anayetembea polepole, kilomita 3 hadi 4 kwa saa. Ukisikia changarawe inaruka juu ya bledi, umezidisha.

---

KijanaWaZinga

Umeeleza vizuri fundi. Niongeze kitu: bledi za trekta dogo ni nyepesi, zinateleza juu ya njia ngumu. Tunachofanya ni kumpandisha kijana mmoja juu ya bledi ili iongeze uzito. Inakata vizuri.

---

Shamba_Muheza

Hapana ndugu yangu, hilo msilifanye, na kama mnalifanya acheni leo. Bledi ikigonga jiwe inaruka, na aliyesimama juu anaanguka mbele ya makali au chini ya tairi ya nyuma wakati dereva anaangalia mbele. Trekta halisimami kabla halijamfikia. Mtu si uzito wa kufungia bledi.

Uzito unaongezwa kwa kitu kisicho na roho: gurudumu la zamani lililojazwa zege, au viroba vya mchanga vilivyofungwa kwa cheni kwenye fremu, si juu ya makali. Kilo 60 hadi 80 zinatosha kwa trekta la hospawa 25. Ukizidisha, pua inakuwa nyepesi na usukani haushiki, itabidi uweke uzito na mbele.

Hata hivyo, uzito hautibu tatizo. Haidroliki ya nyuma ya trekta za namna hii inainua tu, haisukumi chini. Bledi inakaa ardhini kwa uzito wake yenyewe. Ndiyo sababu inateleza juu ya moramu iliyokauka, na ndiyo sababu mashimo ya Mnanasi yanarudi. Ukijaza changarawe kwenye shimo lenye kuta ngumu, umeweka ugali kwenye sahani: tairi ya kwanza inaingia, inautoa wote nje. Kilichojazwa hakikushikana na kilichokuwepo.

Lazima uchimbue kwanza. Shimo lenye kina cha sentimita 7, chimbua eneo lote linalolizunguka hadi sentimita 8 au 9, chini kidogo ya sakafu ya shimo, ili ile sakafu yenyewe ipotee. Njia zote mbili zinafaa: ripa ya meno matatu ikivutwa na trekta, au sururu kama mashimo si mengi. Fanya hivyo siku moja au mbili baada ya mvua, moramu ikiwa na unyevu. Ikiwa kavu kabisa meno yanakwangua juu tu na kung'oa mabonge.

Ukishachimbua, bledi ya futi 5 inafanya kazi yake bila kuongezewa chochote.

---

FundiGreda_Msata

Nakubaliana na Shamba_Muheza kwa yote mawili. Nirudi kwenye tuta la pembeni, kwa sababu hapo ndipo changarawe yako ilipo, mkuu. Usinunue hata tripu moja kabla hujairudisha.

Weka bledi mshazari hivi: ncha ya mbele iwe upande wa nje wa njia, ncha ya nyuma ielekee katikati. Kata majani kwanza, na uyaondoe kwa reki. Majani na mizizi ikiingia ndani ya moramu itaoza na kuacha matundu. Pita upande wa kulia kwenda, upande mwingine kurudi, kila mpito ukichukua kina cha sentimita 2 au 3 tu. Baada ya mipito miwili kila upande utakuwa na tuta jembamba katikati ya njia, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hapo nyoosha bledi iwe mraba na trekta, yaani ikingame bila mshazari, au igeuze nyuzi 180 ili mgongo wake ndio uguse changarawe. Ikigeuzwa haichimbi kabisa, inatandaza tu. Inyanyue sentimita 4 au 5, panda juu ya lile tuta ukiliweka katikati ya tairi, uende. Inakata kilele inakisambaza pande mbili, na mgongo wa barabara unabaki.

Kupima mgongo: mbao iliyonyooka ya mita 1.5, upande mmoja uwe katikati ya njia na mwingine ukingoni, na kifaa cha pima maji kiwekwe juu yake. Povu likiwa katikati, nafasi chini ya mbao pale ukingoni iwe sentimita 6 hadi 7.5. Pima kila mita 10. Macho yanadanganya sana kwenye kazi hii, hasa jua likiwa la utosi.

---

Mnanasi_Kiwangwa

Asanteni sana wakuu. Nimepima: mawimbi yana mita 1.6, kwa hiyo ni ya trekta. Na upana wa nje wa tairi ni mita 1.27.

Nikisharudisha ya pembeni bado najua haitatosha. Lori linalotuletea lina bodi ya mita 4 kwa 2.2, kina sentimita 80. Wauzaji wananiambia nichukue kokoto safi ya robo tatu ya inchi kutoka Lugoba kwa kuwa ni ngumu. Ni sahihi?

---

MoramuNaKokoto

Kokoto ya Lugoba ni nzuri, ila iliyochekechwa ikawa safi ya saizi moja si ya kutandaza peke yake juu ya njia. Inafaa zege. Haina vumbi wala mchanga wa kuziba nafasi kati ya jiwe na jiwe, kwa hiyo kila jiwe linazunguka lenyewe chini ya tairi, na juu ya kichanga chako linazama. Hutaishindilia hata ukileta rola kubwa.

Agiza moramu yenye mchanganyiko: mawe yasiyozidi inchi moja na nusu, mchanga, na udongo kidogo wa kushikia. Ukitaka uso mgumu zaidi, changanya na kokoto pamoja na vumbi lake la kiwandani, lile la kijivu. Moramu ikiwa na udongo mwingi itateleza masika. Ichukue mkononi ikiwa na maji, uisugue kati ya vidole. Ikinata kama unga wa kukanda, ikatae.

Kiasi. Bodi ya lori lako ikijaa sawasawa na ukingo ni mita za ujazo 7. Changarawe iliyolegea ikishindiliwa inapungua, hesabu robo ya ziada.

Sehemu ya kichanga, mita 140, ina msingi wa zamani, inatosha kuongeza sentimita 5 zilizoshindiliwa. 140 × 3 × 0.05 ni 21, ongeza robo unapata 26. Hizo ni tripu 4.

Bondeni, mita 40, weka sentimita 10. 40 × 3 × 0.1 ni 12, ongeza robo unapata 15. Tripu 2, na kile kidogo kinachopelea kitatoka kwenye zile nne. Jumla tripu 6.

Lakini usimwage moramu moja kwa moja juu ya ule mfinyanzi mweusi. Ukilowa unapanda juu, moramu inashuka, na baada ya masika moja hutaiona. Inua kwanza njia kwa sentimita 15 hadi 20 za kifusi cha kichanga kutoka upande wa juu wa shamba, shindilia, ndipo moramu ije juu. Kifusi hicho unacho bure, kinahitaji vibarua na tela tu.

Kumwaga: mwambie dereva afunge mlango wa nyuma kwa cheni uachie upenyo wa sentimita 15 hivi, ainue bodi huku anatembea taratibu. Tripu moja iishe katika mita 37 kwenye kichanga, na mita kama 19 bondeni. Weka vigingi kabla lori halijafika. Asipoweza kumwaga akitembea, basi malundo yakae kwa umbali huohuo.

Na lundo halishambuliwi kwa mbele. Rudi nyuma bledi ikiwa juu hewani mpaka ipite kilele cha lundo, shusha, vuta kuja mbele. Kusukuma lundo kwa kurudi nyuma kunapinda mikono ya chini na pini ya kugeuzia, maana bledi hizi zimeundwa kuvuta. Ukilazimika kusukuma, basi changarawe iwe imelegea, bledi imenyooka mraba, na mguu uwe tayari kwenye klachi.

---

Shamba_Muheza

Kwa matengenezo ya kila mwezi baada ya kazi hii kubwa, mkuu, usiende na bledi kila mara. Tengenezesha buruto. Vyuma viwili vya umbo la H au vya mfereji (umbo la U), kila kimoja mita 1.6, vikiachana sentimita 70, vimeunganishwa kwa cheni mbili. Cheni ya kuvutia ifungwe upande mmoja fupi kidogo ili chuma cha mbele kikae mshazari. Kilo 100 hadi 120 kwa vyote. Kwa kuwa hakijafungwa kwenye mikono ya trekta, pua ikipanda au ikishuka chenyewe hakijui, kinakata vilele na kujaza mabonde tu.

Fungia kwenye ndoano ya chini ya kuvutia. Kamwe usifungie kwenye tundu la toplinki wala sehemu yoyote iliyo juu ya ekseli; buruto likinasa kwenye kisiki trekta linanyanyuka mbele na kumpindukia dereva kwa sekunde.

Msinunue vipande vya reli vinavyopitishwa mitaani. Ni mali ya umma iliyong'olewa, na chuma cha mfereji kinafanya kazi ileile.

---

Mnanasi_Kiwangwa

Nimeelewa. La mwisho: kushindilia. Hatuna rola. Trekta lenyewe likipita mara nyingi halitoshi?

---

FundiGreda_Msata

Halitoshi peke yake, ni jepesi. Litumie kwa mpito wa kwanza, halafu lori lililobeba mzigo limalizie. Kila tripu inayofuata ipite juu ya iliyotangulia, na dereva asifuate njia moja: aanze na tairi ukingoni, kila safari asogee upana wa tairi moja kuelekea katikati. Ukikodi mashine ya bamba ya kutetemesha, tabaka lisizidi sentimita 10 hadi 12, mipito minne hadi sita.

Unyevu ndio unaoamua kama kazi itashika. Chukua moramu kiganjani, ikamate kwa nguvu, fungua mkono. Ikivunjika yenyewe ni kavu. Ikiacha maji mkononi imezidi, subiri jua. Ikibaki na umbo la vidole vyako na ukiibonyeza inakatika vipande viwili au vitatu, shindilia saa hiyohiyo. Moramu kavu kabisa inataka lita 70 hadi 80 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo kwa mita zako 42 andaa maji kama lita 3,200. Nyunyiza jioni, ichanganye kwa bledi, ifanyie kazi asubuhi kabla jua halijaifyonza.

Kwa upana wa tairi wa mita 1.27 bledi yako isizidi nyuzi 30. Ukitaka nafasi zaidi rudi kwenye 25, inafagia mita 1.36.

Na maji lazima yapate pa kwenda. Mtaro kila upande, na kila mita 20 hadi 30 fungua mchirizi wa kuyatoa kwenda shambani, vinginevyo yatatembea kando ya njia hadi bondeni yakichimba korongo. Pale bondeni weka karavati, hata la bomba moja, kabla ya kifusi. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, toka na vigingi wakati bado inanyesha, chomeka kila palipotuama maji. Hapo ndipo utakapochimbua na kujaza kesho yake, moramu ikiwa bado na unyevu.